Jiwe Lililo Hai: Namna ya Kuchagua Jiwe la Tangi la Maji ya Chumvi Nyumbani

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkanya mtu anayekidharau kitu cha mwenziwe kwa sababu ya udogo wake. Makala haya yanaanza kwa kuichukua methali hiyo kwa maana yake ya juu kabisa, kwani yanahusu bahari iliyotiwa ndani ya chombo: tangi la kioo la lita 100, lililojazwa maji ya chumvi na kuwekwa sebuleni katika mtaa wa Umoja, Nairobi, takribani kilomita 480 kutoka Mombasa. Lengo letu ni kueleza namna ya kuchagua kitu kimoja tu kinachotiwa katika bahari hiyo, nacho ni jiwe. Huenda msomaji akauliza: jiwe nalo lahitaji kuchaguliwa? Swali hilo ndilo lililotusukuma kuandika.

Umoja si mtaa ambao mtu angetarajia kukutana na bahari. Nyumba zake za awali zilijengwa katika miaka ya 1970. Leo nyingi zimemezwa na majumba ya ghorofa yaliyobanana, na mfereji hutoa maji kwa zamu. Siku ambazo mfereji umekauka, mikokoteni yenye mitungi ya lita 20 hupita vichochoroni ikiuza maji. Katika mazingira hayo, jirani yetu wa ghorofa ya chini, mzee ambaye kazi yake ni kutengeneza majokofu, alinunua tangi kuukuu, akaliziba nyufa, akachanganya maji ya chumvi na kuwatia samaki wawili wa mapambo. Aliyemuuzia samaki alimwambia kuwa tangi la bahari halikamiliki bila “jiwe hai”. Mzee akampigia simu mpwa wake aliyeko Pwani. Mpwa akangoja maji yapwe, akaenda mwambani, akabandua jiwe la ukubwa wa kichwa cha mbuzi, akalitia guniani na kulituma kwa basi la usiku.

Jiwe lilifika Nairobi alfajiri. Mzee aliliosha kwa maji ya mfereji, akalisugua vizuri kwa brashi, akalitumbukiza tangini. Siku ya pili maji yalikuwa meupe kama tui. Siku ya tatu samaki wote wawili walikuwa wakielea, na uvundo ulikuwa umepanda ngazi hadi ghorofa ya nne. Wapangaji walidhani bomba la maji taka limepasuka. Jioni hiyo mzee alinikuta langoni, akaniuliza, “Mwalimu, wewe unasoma Kiswahili huko chuoni. Hebu niambie, jiwe hai ni jiwe gani? Maana hili langu limekufa.”

Sikuwa na jibu. Nilimwambia, “Nipe muda, mzee.” Makala haya ni jibu nililompelekea baadaye, nikiwa nimesoma na kuulizia. Nimeona vyema kuwashirikisha wasomaji wa jarida letu kwa sababu mbili. Kwanza, katika kutafuta jibu niligundua kuwa tatizo la mzee lilianzia kwenye neno kabla ya kufika kwenye jiwe. Pili, mwamba ambao mpwa alibandua jiwe lile ni mali ya watu wengi kuliko sisi tulionusa uvundo wake.

Jiwe Hai ni Nini?

Ili kulielewa jiwe hai, sharti tuanze na tumbawe. Tumbawe hujengwa na vijinyama vidogo viitwavyo polipu, ambavyo huishi kwa wingi vikiwa vimeshikana. Kila kijinyama hujitengenezea kikombe kigumu cha kalisiamu kaboneti, yaani madini yale yale yanayotupatia chokaa. Kinapokufa, kikombe hubaki, na vijinyama vingine hujenga juu yake. Mwamba tuuonao maji yanapopwa ni kazi ya vizazi na vizazi vya mafundi hawa. Ndani ya miili ya polipu huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho matupu, ambao hutumia mwangaza wa jua kutengeneza chakula na kukigawa kwa mwenyeji wake. Joto la bahari likizidi kiasi, mwani huo hutoka, tumbawe hugeuka jeupe, na lisipopata nafuu hufa. Hivyo ndivyo ilivyotokea mwaka 1998, kufuatia El Niño, ambapo sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya na Tanzania iliangamia.

Tumbawe lililokufa huvunjwa na mawimbi, na vipande vyake hulala chini ya maji. Hapo ndipo wahamiaji huingia: bakteria kwa mamilioni, sifongo, minyoo, konokono, kamba wadogo na mwani wa aina nyingi, ukiwemo ule mwani mgumu wa rangi ya waridi na zambarau unaotanda juu ya jiwe kama rangi iliyopakwa. Kipande chenye wakazi hao ndicho kinachoitwa jiwe hai. Kwa hivyo jiwe lenyewe halina uhai. Wenye uhai ni wakazi wake. Wapangaji wa Umoja watalielewa jambo hili upesi. Jengo ni mawe na saruji tu, lakini ukilikatia maji na hewa kwa usiku mmoja, watakaoumia ni walio ndani. Usiku mmoja ndio ambao jiwe la mzee lilikaa guniani.

Wakazi hawa wana kazi. Samaki akila hutoa uchafu, na uchafu huo, pamoja na mabaki ya chakula, huzaa amonia, ambayo ni sumu kali kwa samaki. Bakteria wanaoishi juu ya jiwe, penye hewa ya oksijeni, huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu. Wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Ndani kabisa ya matundu ya jiwe, ambamo oksijeni haifiki, huishi bakteria wa namna nyingine ambao huivunja nitrati ikawa gesi ya naitrojeni, na gesi hiyo hupanda na kutoka majini. Baharini kazi hii hufanyika bila kuonekana. Tangini, jiwe hai ndilo chujio, na ndiyo sababu muuzaji alimsisitizia mzee alitafute.

Sasa tunaweza kueleza msiba wa siku ya tatu. Wakazi wengi wa jiwe walikufa safarini kwa kukosa maji na hewa. Walionusurika waliuawa na maji ya mfereji, ambayo hutiwa klorini kwa makusudi ya kuua vijidudu, tena hayana chumvi. Mizoga yao ilipooza tangini ilitoa amonia nyingi, na bakteria wa kuigeuza hawakuwapo tena. Mzee hakuweka chujio tangini mwake, aliweka kaburi.

Jiwe katika Lugha na katika Majumba

Mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kujiuliza: kwa nini mzee, mtu mwerevu wa ufundi, alilisugua kwa brashi kitu alichoambiwa kina uhai? Jibu letu ni kwamba alisikia neno “jiwe”, na neno hilo likamwongoza mkono. Katika lugha yetu jiwe ni kielelezo cha kitu kisichohisi. Mtu asiye na huruma tunasema ana moyo wa jiwe. Tukisikia “jiwe hai” sikio hushika nomino na kukiacha kivumishi.

Tatizo hili lina mizizi katika sarufi. Tunajua kwamba nomino za viumbe wenye uhai huchukua upatanisho wa ngeli ya A-WA hata zinapokuwa na umbo la ngeli nyingine. Twasema “kiboko amekufa” wala si “kiboko kimekufa”, na “nyuki wameruka” wala si “nyuki zimeruka”. Lakini tumbawe, ambalo ni wanyama maelfu kwa maelfu, tumeliacha katika LI-YA pamoja na jiwe na jembe: tumbawe limevunjika, matumbawe yamekufa. Mwamba nao umo katika U-I. Yuko mwamba mmoja wa A-WA, yule wa methali isemayo mwamba ngoma huvutia kwake, lakini huyo ni mtu anayeiwamba ngoma, wala hana uhusiano na bahari. Hatusemi hapa kwamba sarufi ibadilishwe. Tunasema tu kwamba sarufi imetunza kumbukumbu ya namna wazungumzaji walivyolitazama tumbawe: walilitazama kama jiwe.

Hawakukosa sababu. Waswahili wamejenga kwa matumbawe kwa karne nyingi. Wataalamu wa majengo ya kale hutofautisha mawe ya namna mbili. Liko jiwe gumu la mwamba wa kale, lichimbwalo nchi kavu, ambalo ndilo lililoinua kuta za Gedi, za majumba ya Lamu na za Ngome ya Yesu iliyojengwa Mombasa kati ya 1593 na 1596. Na liko tumbawe laini lililokatwa likiwa bichi baharini, likachongwa kabla halijakauka na kuwa gumu. Hilo la pili ndilo lililotumiwa kwa kazi za urembo kama vile mihirabu, fremu za milango na vidaka. Katika kasri la Husuni Kubwa huko Kilwa, lililojengwa yapata mwanzoni mwa karne ya 14, kazi ya mawe ya matumbawe ingali inaonekana. Zaidi ya hayo, matumbawe yalichomwa yakatoa chokaa ya kuungia mawe na kupakia kuta. Pia tunalo neno marijani, ambalo ni tumbawe jekundu la mapambo. Hivyo tumbawe limetuhudumia kama tofali, kama chokaa na kama shanga. Tusichokuwa na desturi nacho ni kulitaja kama mkazi.

Upambanuzi huo wa wajenzi, kati ya jiwe la nchi kavu na tumbawe bichi la baharini, utatufaa sana mbele katika makala haya. Msomaji auweke akilini.

Mambo ya Kuzingatia katika Kuchagua

Mtu anayetaka jiwe hai na ambaye amempata muuzaji halali anapaswa kuchunguza mambo sita.

La kwanza ni asili. Uliza jiwe limetoka wapi, nani amelitoa na kwa idhini gani. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na mkataba huo unayahesabu mawe hai kuwa matumbawe. Jiwe linalovuka mpaka lazima liwe na kibali. Ndani ya mbuga za baharini za Kenya, ambazo kongwe zaidi ni za Malindi na Watamu zilizotengwa mwaka 1968, hairuhusiwi kutoa kitu chochote. Muuzaji asiyeweza kuonyesha karatasi asinunuliwe jiwe, hata likiwa zuri namna gani.

La pili ni uzito. Shika mawe mawili yenye ukubwa sawa, moja kwa kila mkono. Lililo jepesi ndilo bora, kwa kuwa wepesi ni dalili ya matundu mengi ndani, na matundu ndiyo makazi ya bakteria. Jiwe zito lililoshikamana lina uso tu, halina vyumba. Aidha, kwa kuwa mawe hai huuzwa kwa kilo, anayenunua jiwe zito hulipa zaidi na kupata kidogo.

La tatu ni harufu. Jiwe zuri hunuka bahari: chumvi na mwani mbichi. Likinuka yai bovu, ndani mna mizoga. Mnunuzi asione haya kuliinua jiwe hadi puani. Harufu haidanganyi kwa urahisi kama rangi inavyoweza kudanganya.

La nne ni rangi na ngozi ya jiwe. Madoa ya waridi na zambarau ni dalili kwamba jiwe limekaa mahali penye maji safi na halikukaushwa. Utando mweupe wa utelezi ni dalili ya kuoza. Mwani wa nyuzi ndefu za kijani ukiwa umelifunika jiwe zima, jihadhari, kwani tangini utaenea haraka na kuwafunika wengine.

La tano ni umbo. Mawe bapa yakipangwa kama tofali huzuia maji kupita, na uchafu hutuama nyuma yake. Chagua mawe yenye matawi, mapango na kingo zisizolingana, ili yakikaa pamoja yaache njia za maji na maficho ya samaki. Yapange juu ya sakafu ya tangi kwanza, kisha mchanga ufuate. Samaki wachimbao mchanga huweza kuyaangusha mawe yaliyoegemezwa juu yake.

La sita ni wageni wasioalikwa. Jiwe laweza kuja na kaa wakali, au kamba wa aina ile inayovizia shimoni na kugonga mawindo kwa nguvu nyingi. Laweza pia kuja na viumbe vya kahawia mfano wa ua viitwavyo Aiptasia, ambavyo huchoma majirani zake na huongezeka kila vinapokatwa. Lichunguze jiwe usiku kwa kurunzi, wakati ambapo wengi wao hutoka.

Kuhusu kiasi, kanuni ya zamani ya wafugaji ilikuwa kilo 12 hadi 18 kwa tangi la lita 100. Mawe mepesi yenye matundu huhitajika kwa uchache zaidi, na wafugaji wengi wa sasa hupendelea kuacha nafasi ya maji kuzunguka. Mkazi wa ghorofa ya juu na akumbuke kwamba lita 100 za maji pekee zina uzito wa takribani kilo 100, kabla ya kioo na mawe. Tangi liwekwe kando ya ukuta imara, juu ya meza madhubuti.

Kulivundika Jiwe

Hata jiwe lililochaguliwa kwa makini haliingii tangini siku ile ile lilipofika. Wakazi wake kadhaa hufa safarini, na mizoga hiyo sharti iozee kwingine. Kazi hii haina jina lililozoeleka kwa Kiswahili. Tunapendekeza iitwe kuvundika, neno tulitumialo kwa ndizi zinazofunikwa hadi ziive, na ambalo linatukumbusha pia kuvunda, kwa kuwa katika kazi hii jiwe huvunda kwanza ndipo liive.

Huvundikwa hivi. Jiwe hukung’utwa katika maji ya chumvi, kamwe si ya mfereji, na kuondolewa kila kinachoonekana kimekufa. Kisha hutiwa katika pipa au karai kubwa la plastiki lenye maji ya chumvi, pamoja na pampu ya kuyazungusha na kipasha-joto. Joto linalofaa ni nyuzi 24 hadi 27 za selsiasi. Katika baridi ya Nairobi ya mwezi wa Julai kipasha-joto si anasa. Pipa huwekwa gizani ili mwani wa nyuzi usipate nguvu. Maji hubadilishwa yanapochafuka, na amonia na nitriti hupimwa kila baada ya siku chache. Mwanzoni amonia hupanda, kisha ikashuka huku nitriti ikipanda, hatimaye zote zikafika sufuri. Siku zinapobaki sufuri hata baada ya kupima tena na tena, na jiwe likanuka bahari, limeiva. Huchukua majuma kadhaa, na hakuna njia ya mkato.

Maji yenyewe yanahitaji uangalifu. Maji ya visima virefu vya Nairobi mara nyingi huwa na madini ya floraidi na mengineyo, na ya mfereji yana klorini. Maji yaliyochujwa ambayo huuzwa kwa mitungi mitaani ndiyo afadhali. Maji ya bahari yana takribani gramu 35 za chumvi kwa kila lita, yaani kilo tatu na nusu kwa tangi la lita 100. Chumvi ya mezani haifai, maana inakosa kalisiamu na magnesiamu ambazo viumbe wa mwambani huzihitaji. Umeme ukikatika, jambo ambalo mkazi wa Umoja halihitaji kufafanuliwa, maji huacha kuzunguka na oksijeni huanza kupungua, kwani bakteria wa jiwe nao wanapumua. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ni akiba isiyofaa kukosekana.

Jiwe la Nchi Kavu

Mpaka hapa tumeeleza namna ya kulichagua jiwe lililotolewa baharini. Ni wajibu wetu kusema wazi kwamba, kwa mfugaji wa Umoja, chaguo bora ni kutolichagua kabisa. Kila jiwe linalobanduliwa mwambani ni vyumba vilivyobomolewa. Samaki wadogo hupoteza maficho, tumbawe changa hupoteza mahali pa kushika, na mwamba unaovunja mawimbi kabla hayajafika ufuoni hupungua. Nchi mbalimbali zimeliona hili. Huko Florida, Marekani, uvunaji wa mawe hai ya asili katika maji ya shirikisho ulikomeshwa mwaka 1997, na wafugaji wakaanza kuzamisha mawe ya nchi kavu baharini, kuyaacha yapate wakazi, kisha kuyavuna kama mazao. Fiji, iliyokuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa, ilichukua hatua ya kuzuia usafirishaji wa matumbawe na mawe hai mwishoni mwa mwaka 2017. Huku kwetu, wanakijiji wa Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, walitenga sehemu ya bahari yao isivuliwe, na mwaka 2017 wakatunukiwa tuzo ya Equator inayotolewa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Hapa ndipo upambanuzi wa wajenzi wa kale unaporudi. Ukanda wa Pwani yetu umelalia mwamba wa matumbawe uliojengwa zaidi ya miaka laki moja iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Bahari iliposhuka, mwamba huo ulibaki nchi kavu. Mawe yake huchimbwa katika matimbo ya Kilifi na Kwale na hujengea nyumba hadi leo. Vipande vilivyovunjika huachwa chini kama taka. Kemia yake ni ile ile ya tumbawe, na wakazi wake waliondoka kitambo. Hatudai kuwa uchimbaji wa nchi kavu hauna kovu. Matimbo ya saruji ya Bamburi, yaliyoanza kuchimbwa mwaka 1954, yalihitaji kazi ya miaka mingi ya René Haller, aliyeanza kupanda mivinje humo mwaka 1971, ndipo yakarudia uhai. Lakini kuokota masalio ya jiwe lililokwisha kuchimbwa si sawa na kubandua lililo hai.

Mtu atajuaje kwamba jiwe aliloletewa ni la matumbawe? Alidondoshee siki. Jiwe la chokaa hutoa povu jembamba papo hapo. Jiwe la kujengea la Nairobi, ambalo asili yake ni majivu ya volkeno, halitoi povu. Jaribio hili huchukua dakika moja na hugharimu matone machache.

Jiwe kavu lina upungufu wake, nasi hatutauficha. Mara nyingi ni zito kuliko jiwe hai, na matundu yake huweza kuwa yamezibwa na udongo, hivyo sharti lisuguliwe na kuloweshwa mara nyingi. Halina bakteria, lazima wapandwe. Hupandwa kwa kuliweka jiwe katika maji ya chumvi yenye mzunguko, kutia chakula kidogo cha samaki kioze kitoe amonia, na kuweka kipande kidogo cha jiwe au kiganja cha mchanga kutoka tangi la mfugaji mwingine lililokwisha kukomaa. Bakteria huhama wenyewe. Vipimo ni vile vile vya kuvundika: amonia na nitriti zikifika sufuri na kubaki hapo, mlango wa samaki umefunguka. Mwani wa zambarau huchukua miezi kutanda. Faida yake ni kwamba hakuna mgeni mkali anayejificha shimoni.

Mafundi wanaweza hata kujitengenezea jiwe. Huchanganya saruji, kombe zilizopondwa na chumvi ya mawe, huumba umbo watakalo, kisha huliloweka kwenye maji yasiyo na chumvi. Chumvi huyeyuka na kuacha matundu. Jiwe hilo halitumiki mara moja, kwa sababu saruji mpya huyafanya maji kuwa na ubesi mkali. Huloweshwa kwa majuma mengi, maji yakibadilishwa, hadi vipimo vitulie.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba jiwe hai huchaguliwa kwa asili, uzito, harufu, rangi, umbo na wakazi wake; kwamba halina budi kuvundikwa; na kwamba kwa aliye mbali na bahari jiwe la nchi kavu lililopandwa bakteria hufanya kazi ile ile kwa subira zaidi. Tumependekeza pia istilahi tatu: jiwe hai, jiwe kavu na kuvundika. Tunawaalika wanafunzi wenzetu wazijadili, na wenye zilizo bora wazilete, hasa wale waliozaliwa karibu na bahari, ambao yamkini nyumbani kwao yako maneno ambayo kamusi haijayanukuu.

Mzee wa majokofu alilisoma jibu langu, akalikunja na kulitia mfukoni. Mpwa wake alimtumia gunia jingine, safari hii la masalio ya timbo, makavu, yasiyo na harufu. Tuliyadondoshea siki pamoja, yakatoa povu. Aliyaloweka, akapata kipande cha mbegu kutoka kwa mfugaji mwenziwe, akaanza kupima na kuandika nambari kwenye karatasi aliyoibandika ukutani. Yalipita majuma tisa kabla hajanunua samaki mmoja.

Hivi majuzi nilimkuta langoni tena. Usiku uliotangulia umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, nami nikamuuliza habari za tangi. Akasema, “Mwalimu, stima ilipotea saa tatu nzima, nikaweka ile pampu ya betri. Jiwe yuko salama. Hajafa.” Mimi husahihisha insha za wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na upatanisho wa namna hiyo kwa kawaida huupigia mstari mwekundu. Huo niliuacha.